Jiko Lenye Kiuno

Ukikaribia soko la Kamukunji jijini Nairobi utazisikia nyundo kabla hujawaona wanaozipiga. Pipa la mafuta la lita 200 limelazwa chini, fundi amelikalia kama mtu aliyepanda punda, tindo mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Analipasua ubavuni kutoka juu hadi chini, analikunjua, kisha analitwanga mpaka linyooke liwe bati bapa. Juu ya bati anaweka kigezo, kipande kilichokwisha kukatwa kwa umbo la upepeo wa kupulizia makaa, anakizungushia msumari kuacha alama, anakata. Vipande viwili vya namna hiyo vikikunjwa vinatoa vikombe viwili visivyo na kitako. Kimoja kinageuzwa kifudifudi, kingine kinasimamishwa juu yake, na pale vinapokutana pembamba ndipo kiuno cha jiko.

Niliwahi kumsikia mnunuzi akikisifia kiuno hicho kwamba kinalipa jiko urembo. Fundi alimwacha aseme, akampokea pesa zake. Lakini kiuno kile kina historia, na ni historia ya majiko yaliyopasuka.

Turudi nyuma kidogo. Jiko la bati lililotangulia, lile lenye kuta zilizosimama wima, inasemekana lilikuja na mafundi na vibarua wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa watu waliozoea mafiga matatu, lilikuwa mkombozi. Figa moja haliinjiki chungu, walisema wazee, na hapa kikaja kitu kimoja kinachoinjika chungu peke yake, tena kinabebeka kwa mkono mmoja kutoka ua hadi baraza. Miji ilipokua, nacho kikakua.

Ubaya wake ni kwamba lilikuwa bati tupu. Bati likipata moto halina siri: linautoa nje kwa kila aliye karibu. Daniel Kammen, mwanasayansi wa nishati aliyeandika juu ya majiko ya Kenya mwaka 1995, alieleza kwamba katika jiko la namna hiyo sufuria hupata asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa. Zaidi ya nusu ya joto hupotelea kwenye kuta za bati, na sehemu nyingine hutoka kama gesi ambazo hazikuungua sawasawa. Mpishi aliyekaa kwenye kigoda mbele ya jiko hilo hakuhitaji mwanasayansi amweleze. Miguu yake ilikuwa inaungua huku maharagwe bado magumu. Ingawa lazima niseme, kwa mtu wa Limuru kwenye baridi ya Julai, joto linalotoka ubavuni halikuwa hasara yote. Ndilo waliloota watoto.

Wajapani wana neno muda. Mswahili akilisikia hutabasamu, kwa kuwa kwa Kijapani maana yake ni upotevu: kila jasho, mali au hatua ambayo haimfai mnunuzi. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alilifanya neno hilo kuwa msingi wa utaratibu wa kiwanda baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliorodhesha aina 7 za upotevu, na inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha meneja ndani yake kwa saa nyingi, atazame tu kazi inavyokwenda mpaka aone mwenyewe kinachopotea. Utaratibu huo baadaye ulizunguka dunia nzima, ukahamia hata kwa wabunifu wa bidhaa wanaotaka kutumia mali ghafi kidogo na kuacha taka chache. Sidai kwamba mafundi wa Nairobi walimsoma Ohno. Ninachosema ni kwamba katika miaka ya 1980 walifanya kazi inayofanana sana na aliyoifundisha, na tofauti na viwanda vingi vilivyoajiri washauri, wao duara la chaki walilichorewa na wapishi.

Kilichoanzisha yote kilikuwa hofu. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Kufikia hapo Serikali ya Kenya na Taasisi ya Beijer ya Sweden walikuwa wanahesabu nishati inayotumika nchini, na hesabu ikaonyesha kwamba takriban robo tatu yake ilikuwa kuni na makaa. Yaani nchi iliyokuwa ikilia juu ya petroli ilikuwa inaendeshwa na miti. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano mkubwa wa nishati mpya na jadidifu papo hapo Nairobi. Wajumbe walizungumza juu ya jua, upepo na mvuke wa ardhini. Jiko la makaa nalo likapata nafasi yake, na baada ya mkutano likapata fedha, nyingi zikiwa za msaada wa Marekani, kupitia Wizara ya Nishati na muungano wa mashirika ya kiraia uliojulikana kama KENGO.

Mfano ulitoka Thailand. Kule watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo: ndoo ya bati iliyowekwa ndani yake chombo kinene cha udongo uliochomwa. Udongo haupitishi joto upesi kama bati, basi moto unabaki ndani na kupanda juu kwenye chungu. Wazo ni jepesi, na mtu angedhani kazi ilikuwa ni kulinakili tu. Wabunifu, Max Kinyanjui akiwa mmoja wa waliokuwa katikati ya kazi hiyo, walijaribu kulivisha jiko bitana ya udongo kutoka juu hadi chini, kama koti la baridi.

Bitana ikapasuka.

Bati na udongo havipanuki sawa vinapopata moto. Mpe fundi kuta zilizosimama wima, umwambie aingize udongo ndani ubanane na bati, kisha uwashe makaa mara mbili kwa siku kwa mwezi mzima: bati linatanuka, udongo unabaki nyuma, nafasi inatokea, udongo unateleza, jiko linagongwa wakati wa kusonga ugali, na ufa unaanza. Na ugali, kama ujuavyo, hausongwi kwa upole. Mpishi anashika sufuria kwa mguu au kwa kijiti, anaegemeza uzito wake wote kwenye mwiko. Jiko linalosimama vizuri kwenye maabara linaweza kupinduka jikoni siku ya kwanza.

Hapo ndipo kiuno kilipozaliwa. Ukiunganisha vikombe viwili kwa upande wao mwembamba, kile cha juu kinakuwa na umbo la faneli, na bitana ya udongo yenye umbo hilohilo inakaa ndani yake kwa uzito wake yenyewe, haina pa kuteleza. Kati ya udongo na bati wakapaka mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, nao ukawa kama godoro: bati likitanuka, udongo hausikii. Kikombe cha chini kikaachwa bila bitana, maana kule hakuna moto. Kuna majivu na hewa tu, na kilango cha kuiongeza au kuipunguza. Kitako kikawa kipana, jiko likasimama imara chini ya mwiko. Chano cha makaa, kile chenye matundu, kikawa ni sehemu ya bitana yenyewe.

Tazama kilichoondolewa. Nusu ya udongo imeondoka, na uzito wake, na kuni za kuuchoma tanurini, na gharama ya kuubeba. Udongo ukawekwa mahali pamoja tu, pale unapofanya kazi. Bati likabaki kuwa la mapipa makuukuu na vyuma chakavu, malighafi ileile ambayo mafundi walikuwa wanaijua, kwa zana zilezile, bila kulehemu. Katika yote niliyosoma juu ya bidhaa zinazohifadhi mazingira, sijaona kitu kilichobuniwa kwa ubahili mzuri kuliko huu.

Lakini utajuaje kwamba ni zuri kweli? Swali hili liliwasumbua watengenezaji wa majiko dunia nzima, kwa sababu kila mmoja alidai la kwake linaokoa nusu ya kuni. Mwaka 1982 shirika la Kimarekani la VITA lilikusanya wataalamu wakakubaliana vipimo vya kuanzia, wakavisahihisha mwaka 1985. Vilikuwa vitatu, na mpangilio wake unafaa kuangaliwa kwa makini. Cha kwanza ni kuchemsha maji: unapima makaa, unapima maji, unachemsha, unayaacha yatokote kwa muda uliowekwa, unapima kilichobaki. Ni rahisi, kinaweza kurudiwa popote, na hakuna anayekula maji ya moto. Cha pili ni kupika chakula kimoja, kwa mpishi mmoja, kwenye majiko mawili tofauti. Cha tatu ni kwenda nyumbani kwa watu na kupima makaa wanayotumia siku baada ya siku, wakipika wanachopika, wageni wakija, mtoto akilia, moto ukisahaulika.

Kila hatua inagharimu zaidi ya iliyotangulia na kila hatua iko karibu zaidi na ukweli. Kwenye kipimo cha joto, jiko jipya lilipeleka kwenye sufuria asilimia 25 hadi 40. Kwenye nyumba za watu, vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha matumizi yakishuka kutoka kilo 0.67 za makaa kwa mtu kwa siku hadi kilo 0.39. Mimi hesabu hii ya pili ndiyo ninayoipenda. Ni kipimo ambacho mwenye nyumba anaweza kukihakiki kwa gunia lake. Kwa watu 6 tofauti hiyo inafika kilo 600 na ushei kwa mwaka, na ukikumbuka kwamba tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kilo 6 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya makaa, unaanza kuona msitu ukiwa umesimama nyuma ya jiko moja.

Kuna uamuzi mmoja ambao wakati huo ulionekana wa kikatili: jiko halikupewa ruzuku. Fedha za wafadhili zilikwenda kwenye mafunzo, vigezo, majaribio na matangazo, lakini jiko lenyewe lilipaswa kuuzwa kwa bei yake. Mwanzoni lilikuwa ghali, karibu dola 15 za Marekani, na wanunuzi walikuwa wenye uwezo. Mafundi wa Shauri Moyo, mtaa mwingine wa Nairobi, nao hawakulikimbilia. Lilikuwa na kazi nyingi kuliko lile la zamani, na bitana ilibidi inunuliwe kwa mfinyanzi. Kisha wachache walioanza wakaonekana wanapata pesa, wenzao wakaiga, bei ikaanguka hadi dola chache. Katikati ya miaka ya 1990 yalihesabiwa zaidi ya majiko 700,000 katika nyumba za Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Umbo lake lilivuka mipaka: Tanzania likaja Jiko Bora, Ethiopia likaitwa Lakech, na Rwanda na Uganda nako yakatokea majiko ya ukoo uleule.

Kuiga kuna mabaya yake, tusijidanganye. Mfinyanzi mwenye haraka hutoa bitana kabla haijaiva. Fundi mwenye haraka hupunguza saruji, au hutumia bati jembamba linaloliwa na kutu kabla ya mwaka. Nimewahi kununua moja la namna hiyo kando ya barabara. Bitana ilianguka vipande vitatu kabla ya mwezi kwisha, nami nikaendelea kupikia bati tupu kwa miezi mingine sita kwa uvivu tu, na kwenye hesabu za mtu fulani nadhani nimehesabiwa kuwa nyumba iliyoboreshwa.

Tatizo hilo la kuhesabiwa ndilo lililoiangusha India. Mwaka 1983 serikali ya huko ilianza mpango wa kitaifa wa majiko bora ya kuni, yenye ruzuku kubwa, na kabla haujafungwa mwaka 2002 zaidi ya majiko milioni 30 yalikuwa yamegawiwa. Maendeleo yalipimwa kwa idadi ya majiko yaliyojengwa. Waliojenga walilipwa kwa kujenga, na walipokwisha kulipwa hawakurudi. Baadaye watafiti Esther Duflo, Michael Greenstone na Rema Hanna walifuatilia mradi mwingine wa majiko huko Odisha kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi ulipungua. Kadiri miaka ilivyokwenda nafuu hiyo ikayeyuka, kwa kuwa majiko yaliharibika, watu hawakuyatengeneza, na wakayatumia kidogo zaidi kila mwaka. Fundi wa Shauri Moyo asingeweza kudumu miaka minne na bidhaa ya namna hiyo. Mteja angerudi na vipande mkononi, tena angemtukana mbele ya wateja wengine. Kasoro ilimfikia aliyeitengeneza ndani ya wiki, na hiyo ndiyo iliyolinyoosha jiko lile kuliko ripoti yoyote.

Sehemu moja haikunyooshwa. Upotevu mkubwa kuliko wote uko porini, kwenye tanuri la udongo, ambako kilo 10 za mti huenda zikatoa kilo moja tu ya makaa. Matanuri bora yapo na yamejulikana kwa miongo mingi. Lakini mchoma makaa kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kujificha, miti haikuwa yake, na hakuna anayejenga tanuri zuri la kudumu mahali anapotarajia kufukuzwa kesho. Kenya ilitunga kanuni za makaa mwaka 2009 ili kumtoa vichakani mchomaji huyo, na matokeo yamekuwa ya kusuasua. Jikoni kulikuwa na mtu anayelipa kwa kila kipande kinachopotea. Porini hasara ilikuwa ya mti, na mti hauna mdomo.

Mwaka 2013 kikaja kizazi kingine. Jikokoa, linalotengenezwa kiwandani Ruiru, limeacha udongo na kutumia chumba cha moto cha chuma maalumu chenye tabaka la kuzuia joto. Ni jiko la mashine, lenye vipimo sawa kila moja, na lilikuwa likiuzwa karibu dola 40. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilipeleka kwenye nyumba karibu 1,000 za Nairobi ambazo tayari zilikuwa zinatumia makaa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba matumizi ya makaa yalishuka kwa asilimia 39, akiba inayofika dola 237 kwa miaka miwili. Hata hivyo, wanunuzi kwa wastani walikuwa tayari kulipa dola 12 tu. Walipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi walichokuwa tayari kulipa kikaongezeka maradufu. Hesabu walikuwa wanaijua vizuri. Kilichokosekana ni dola 40 mkononi siku hiyo.

Namna walivyopima ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Waliwauliza watu kwa ujumbe wa simu kila baada ya siku chache wametumia kiasi gani kwa makaa. Lakini mtu husahau, na mwingine hupenda kumfurahisha anayemuuliza. Basi wakawapa ndoo, wakawaomba waweke majivu yao humo, kisha wakayapima kwenye mizani. Majivu hayana adabu ya kumpendeza mgeni.

Wengine hawakupima hivyo. Siku hizi majiko yanauza hewa: kampuni ya Ulaya inayotoa moshi hununua cheti kinachosema kwamba majiko fulani ya Afrika au Asia yamezuia moshi wa kiasi hicho. Mwaka 2024 Annelise Gill-Wiehl, Barbara Haya na Daniel Kammen, yule yule aliyeandika juu ya jiko letu mwaka 1995, walichapisha uchunguzi wa miradi hiyo. Waligundua kwamba katika sampuli yao vyeti vilikuwa vimezidisha faida zaidi ya mara 9. Miradi ilidhani jiko jipya linatumika kila siku na la zamani limetupwa, na ilidhani karibu kila mti uliokatwa hauoti tena. Njia moja tu ilikaribia ukweli, ile inayopima moja kwa moja nishati inayotumika ndani ya nyumba. Hiyo ilizidisha mara moja na nusu.

Kuna kitu kingine ambacho vipimo vya miaka ya 1980 havikukitilia maanani sana, na mafundi hawakukiona kwa kuwa hakionekani. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, hata katika jiko lenye bitana nzuri kuliko zote. Kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa, na hawaamki.

Kwa hiyo ukienda Kamukunji au soko lolote kununua jiko lenye kiuno, usiangalie rangi. Inua bitana ukiweza, uigonge kwa kifundo cha kidole. Iliyoiva vizuri hulia kama kikombe cha kauri. Iliyo mbichi au yenye ufa hutoa sauti butu, na hiyo mrudishie mwenyewe hapo hapo, akusikie. Ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha, tenga ndoo ya majivu. Na usiku ukiingia, jiko lilale nje.